Muundi, paja, shingo: jinsi ya kuisoma barabara kwa majeraha yake

Kwa miaka saba ya mwanzo kwenye meza ya mapokezi ya chumba cha majeruhi, safu ya chanzo cha jeraha niliijaza kwa neno moja: ajali. Mtu kagongwa na lori akivuka, ajali. Mwingine kaingia na baiskeli kwenye shimo usiku, ajali. Dereva kakutana uso kwa uso na basi, ajali. Daftari likijaa tunalifunga kamba, tunalitupia kabatini, tunafungua jingine.

Aliyenizindua ni daktari wa mifupa, mzee asiyependa maneno. Asubuhi moja alisimama mbele yangu ameinua picha mbili za eksirei kwenye mwanga wa dirisha. Miguu ya watu wawili tofauti, walioletwa siku tofauti, yote imevunjika muundi, ule mfupa wa mbele chini ya goti, kimo kilekile kutoka kisiginoni. Akauliza, "Hawa wamegongwa wapi?" Nikafungua daftari. Ajali. Ajali. Hakunigombeza. Alisema tu, "Bampa limepiga palepale," akaenda zake wodini.

Jioni ile nilichukua rula nikachora safu mpya pembeni ya ukurasa. Ninayoeleza hapa ndiyo niliyojifunza kwa kuijaza safu ile. Anaweza kuifanya kazi hii nesi, mwalimu ambaye wanafunzi wake wanavuka barabara kila siku, kiongozi wa mtaa, hata mwandishi wa habari aliyechoka kuandika "mwendo kasi" kila wiki. Kompyuta si lazima. Daftari, rula, saa ya kuhesabia sekunde na viatu vya kutembelea vinatosha.

Acha kwanza kuuliza nani alikosea

Swali hilo lina wenyewe, polisi na mahakama, na wanalipwa kwalo. Wewe uliza: mahali pale paliruhusu mgongano wa namna gani, na kwa mwendo gani? Mlevi akiendesha kwenye mtaa wenye matuta ataparamia ukuta na kuvunja taa. Mlevi yuleyule, kwenye barabara kuu isiyo na kizuizi katikati, ataingia upande wa pili na kumaliza familia. Sisemi ulevi ni jambo dogo. Nasema mwili wa mtu unavunjika kwa nguvu iliyoufikia, na nguvu hiyo inategemea zaidi barabara kuliko tabia ya aliyeshika usukani.

Ukitaka kuipima nguvu hiyo kichwani, igeuze iwe kuanguka. Kugonga kitu kigumu ukiwa na kilomita 30 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka mita tatu na nusu hivi. Kilomita 50 ni karibu mita 10. Kilomita 80 ni mita 25, na 100 ni karibu mita 40. Hakuna mama atakayemwacha mwanawe acheze kwenye ukingo wa mita 10 usio na kizuizi, lakini tunamwacha atembee sentimita chache kutoka kwenye gari lenye mwendo huo.

Hesabu ya pili nimeshawaeleza madereva wengi waliolala kitandani, na karibu wote hubisha kwanza. Gari lina kilomita 50, mtoto anajitokeza mbele. Dereva anashtuka kwa sekunde moja, anakanyaga breki hadi mwisho, lami ni kavu: atasimama baada ya mita 28 hivi. Gari jingine, dereva mwenye wepesi uleule na breki zilezile, lina 60. Pale lile la kwanza liliposimama kabisa, hili bado lina karibu kilomita 40. Tofauti ilikuwa kumi tu. Mmoja amemkosa mtoto, mwingine amemgonga kwa nguvu ya kuanguka mita sita.

Gawa barabara kwa kazi yake, usiigawe kwa jina

Barabara yenye jina moja hubadilika mara nne au tano kabla haijaisha, kwa hiyo ukiandika jina pekee hujaandika kitu. Kwa kila kipande jiulize nani na nani wanakitumia pamoja, magari ya kwenda na ya kurudi yanatenganishwa na nini, na mwendo halisi ni upi, si ule wa kwenye kibao. Kwa majibu hayo mimi nilipata makundi sita, na kila kundi lina sahihi yake mwilini.

Barabara kasi ni ile yenye kizuizi katikati, isiyo na makutano ya usawa mmoja wala waenda kwa miguu. Kwa kila kilomita inayosafiriwa, hii ndiyo salama kuliko zote, ingawa mwendo wake ndio mkubwa, kwa sababu vinavyoua kwa wingi vimeondolewa: hakuna wa kukutana naye uso kwa uso, hakuna anayechomoza kutoka ubavuni. Katika Umoja wa Ulaya, kati ya kila vifo 100 vya barabarani, karibu 9 tu hutokea kwenye barabara za aina hii. Zaidi ya nusu hutokea kwenye barabara za nje ya miji na karibu 40 mijini. Majeruhi wa barabara kasi huwa wamegonga kutoka nyuma, mara nyingi lori lililoharibika na kuachwa bila taa, au wamesinzia wakatoka nje ya njia.

Kundi linalofuata ndilo lililonipa usiku mrefu kuliko yote. Ni barabara kuu ya lami nje ya mji, njia moja kwenda na moja kurudi, katikati pana mstari wa rangi tu. Magari mawili ya kilomita 90 yanapishana kwa umbali wa mkono, yakitenganishwa na rangi. Mmoja akitaka kulipita lori kwenye mlima, au akisinzia kwa sekunde mbili, kinachofuata unakijua kabla hujaambiwa. Mtu wa kiti cha mbele anakuja goti limechanika kwa dashibodi, paja limevunjika juu ya goti hilohilo, na kichwa cha paja kimechomoka nyuma ya nyonga. Ni msukumo mmoja uliopanda kutoka gotini hadi kiunoni. Ukiona hayo matatu kwenye mguu mmoja huhitaji kuuliza aligongwaje. Ongeza kifua kilichopigwa na usukani, na kifundo cha mguu kilichosagwa kati ya pedali. Aliyefunga mkanda anaweza kuwa na alama nyekundu ya ukanda tumboni. Mwandike na alama yake, umwambie daktari, kwani utumbo unaweza kuwa umechanika ndani huku mwenyewe anakwambia hajambo.

Halafu kuna barabara hiyohiyo inapopita katikati ya makazi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapokosea kuhesabu. Kwenye ramani ni kipande cha kilomita mbili cha barabara kuu. Kwa wakazi ni uwanja wa nyumbani: shule upande huu, maji upande ule, kituo cha basi katikati, watu wanavuka mara kumi kwa siku. Dereva anayetoka mbali hajui kwamba barabara imebadilika kazi, kwa sababu lami haikubadilika. Upana ni uleule, mstari ni uleule, mguu wake haujaondoka kwenye mafuta. Mara nyingi barabara ya vumbi ikiwekwa lami watu hushangilia, kisha ndani ya miezi michache tunaanza kuwapokea.

Mtu mzima aliyesimama akigongwa na gari dogo, bampa linampata muundi. Ukingo wa boneti unampata paja au nyonga, kichwa kinaangukia kioo cha mbele, kisha ardhi inammalizia. Mtoto ni mfupi, kwa hiyo ngazi zote zinapanda: bampa linampata paja, boneti linampata kifua na tumbo, na kichwa kinapiga chini upande wa pili alikorushwa. Lori, basi na gari lenye uso mrefu wa wima havimrushi mtu juu, vinamsukuma chini: mbavu, nyonga iliyopasuka, kukanyagwa. Kwa hiyo urefu wa mvunjiko kutoka kisiginoni unakueleza gari, kabla shahidi yeyote hajafungua mdomo. Ndicho alichokuwa anakisoma yule mzee dirishani.

Barabara pana za mjini, zenye njia mbili au tatu kila upande na makutano mengi, zina sahihi mbili. Makutanoni ni ubavu: gari linalokata kona linapigwa mlangoni. Aliyepigwa upande wa kushoto tunamtazama mbavu na bandama, wa kulia tunamtazama ini. Kwenye foleni ni shingo, gari limegongwa nyuma taratibu, mtu anatembea mwenyewe hadi mapokezi, kesho yake hawezi kugeuza kichwa. Na zote mbili zina waendesha pikipiki. Mguu wa upande wa gari ndio unaobanwa, mfupa unatoka nje na uchafu unaingia ndani. Kofia ngumu haiokoi mguu, lakini utafiti uliokusanya tafiti nyingi ulikuta inapunguza kufa kwa asilimia 42 hivi na kuumia kichwa kwa asilimia 69. Mwingine anakuja amesimama wima, hana jeraha la kutisha, ila mkono mmoja unaning'inia kama wa mtu mwingine: bega lilivutwa upande na shingo upande, neva zikang'oka.

Mitaa ya ndani ina majeraha mengi na vifo vichache. Mtoto kukanyagwa na gari linalorudi nyuma uani ndilo la kuliogopa.

Barabara za changarawe na udongo: tairi linateleza kwenye kokoto za pembeni, dereva anakata usukani ghafla, gari linapinduka. Waliokaa nyuma wazi kwenye gari la mizigo wanatapakaa. Hapa utaona uti wa mgongo, na watu wengi kwa wakati mmoja kutoka gari moja.

Kwa nini chumba cha majeruhi pekee kitakudanganya

Mwaka mzima wa kwanza daftari langu lilinionyesha kwamba barabara kasi iliyopita karibu yetu haikuwa na shida na watembea kwa miguu. Nilitaka kuandika hivyo kwenye ripoti. Kabla ya kuandika nikashuka mochwari kuomba karatasi ya kuchapia, na yule bwana mhudumu alikuwa na daftari lake dogo, la kwake binafsi, lenye jalada la plastiki. Nikaomba kulipitia. Walikuwa humo. Watu waliovuka ile barabara usiku kwa miguu hawakuwa wakipitia kwangu kabisa, walikuwa wanapita mlango wa nyuma.

Tangu hapo nahesabu kwa njia tatu na sizichanganyi. Ya kwanza ni wingi: aina gani ya barabara inaleta majeruhi wengi? Mara nyingi ni za mjini. Ya pili ni ukali: kati ya kila walioumia mia, wangapi walikufa au walilazwa? Hapo mjini hushuka, barabara kuu za nje zinapanda. Ya tatu ni hatari kwa kiasi cha matumizi: wangapi kwa kila kilomita inayosafiriwa, au kwa kila watu elfu wanaovuka? Hapo barabara kasi inakuwa ya mwisho kwa waliomo ndani ya magari. Mtu akikwambia barabara fulani "ndiyo hatari kuliko zote", mwulize kwa hesabu ipi kati ya hizo tatu. Ukimya utakaofuata utakufundisha mengi.

Kifo nacho kina kanuni yake. Hesabu inayotumika sana kimataifa ni kufa ndani ya siku 30 tangu ajali. Kwa hiyo aliyelazwa Jumatatu akafariki siku ya kumi na mbili bado ni wa barabara ile, hata kama cheti kimeandikwa homa ya mapafu. Lazima upite wodini na daftari lako.

Polisi nao wana kumbukumbu zao, na zitapishana na zako. Mwendesha baiskeli aliyeanguka peke yake mara nyingi hayumo kwao. Usizitupe kwa hilo. Wao wana mahali na saa, wewe una mwili. Weka pamoja.

Safu za kuchora

Majina ya watu yabaki kwenye daftari la hospitali. Daftari lako la barabara lisiwe na jina hata moja, weka namba tu. Mimi nina siku na saa, mwanga, kama ni mchana, magharibi, usiku wenye taa au giza tupu, alikuwa nani barabarani, alichogongana nacho, aina ya barabara, mahali, sehemu ya mwili na upande, mkanda au kofia, amefika baada ya muda gani na kwa usafiri gani, hatima yake siku ya 30. Safu ya kufika usiidharau. William Haddon, daktari wa Marekani aliyeongoza shughuli za usalama barabarani za serikali ya nchi yake katika miaka ya 1960, alilipanga suala zima kwa vipindi vitatu: kabla ya mgongano, wakati wake na baada yake. Jeraha moja la bandama linapona mjini na kuua kwenye barabara ya mbali, kwa saa tu.

Kuhusu mahali, "barabara kuu" haitoshi na "karibu na sokoni" haitoshi. Taka alama ambayo mgeni angeiona: mita hamsini baada ya daraja ukitokea upande wa mlimani, mbele ya gereji yenye geti la bluu. Na usimwulize mgonjwa "ajali ilitokeaje?" Atadhani unatafuta kesi, atajitetea. Mwendesha pikipiki akiogopa polisi atakwambia "nilianguka" na ukurasa wake utakuwa batili. Mwulize ulikuwa unatoka wapi, unaenda wapi, ukakatia wapi. Mtu akisimulia safari hadanganyi sana.

Usikimbilie kutangaza mahali pabaya kwa sababu ya mwezi mmoja. Ajali zina kupanda na kushuka kwake zenyewe, mwezi wa kilio hufuatwa na miezi mitulivu bila mtu kufanya lolote. Ukiweka kibao mwezi huo utajisifu bure. Kusanya miaka mitatu ukiweza. Wakati unangoja, tafuta kinachofanana: si wingi wa majeruhi mahali pamoja tu, bali jeraha la aina moja, saa moja, mwelekeo mmoja.

Nenda ukapaone, saa ileile

Kama majeruhi wako ni wa saa moja jioni, usiende saa nne asubuhi. Vaa nguo inayoonekana, simama mbali na ukingo wa lami. Tazama majani kwanza. Vijia vilivyochimbwa na nyayo vinakuonyesha watu wanavuka wapi kwa kweli, na mara nyingi si pale kwenye mistari ya pundamilia. Tafuta vipande vya kioo mtaroni, alama za tairi, rangi iliyokwaruzwa kwenye nguzo. Angalia kama mtu aliyesimama anaweza kuliona gari kwa urefu wa kutosha. Kwa mwendo wa 80 dereva anahitaji karibu mita 57 kusimama, na hapo mvua haijanyesha.

Kisha pima mwendo. Pima mita 100 kwa kamba, weka alama mbili pembeni, ujifiche kidogo ili madereva wasipunguze wakikuona. Hesabu sekunde gari likitoka alama moja hadi nyingine, kisha gawa 360 kwa sekunde hizo. Sekunde 12 ni kilomita 30. Sekunde 7 na nukta 2 ni 50. Sekunde 4 na nusu ni 80. Pima magari 40 yasiyozuiwa na lingine mbele, yapange kutoka la polepole hadi la kasi, usome la 34. Huo ndio mwendo ambao madereva 85 kati ya 100 hawauzidi, na ndio utakaowaamsha wahandisi, kwa sababu wao wenyewe huutumia.

Linganisha sasa namba hiyo na aina ya mgongano ulioukuta. Waswidi, ambao bunge lao lilipitisha mwaka 1997 lengo la kutokubali kifo chochote barabarani, walifikiri kwa mipaka ya mwili: watu wanapochanganyika na magari, 30, magari yanapoweza kupigana ubavuni, 50, yanapoweza kukutana uso kwa uso, 70. Ukizidi hapo, ama punguza mwendo ama ondoa mgongano wenyewe. Kwenye barabara zao kuu za aina ile iliyoninyima usingizi waliweka uzio wa nyaya katikati, kuanzia 1998, na vifo kwenye vipande hivyo vikapungua kwa karibu robo tatu. Makutano yakigeuzwa mzunguko, pigo la ubavuni linakuwa la mshazari na la polepole. Kuna ajali bado, ila zinaishia kwa fundi wa bodi.

Ukiipeleka karatasi kwa wahusika, Shirika la Afya Duniani limeshakufanyia utangulizi: watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, zaidi ya nusu wakiwa wa miguu, baiskeli na pikipiki, na hakuna kinachoua wenye umri wa miaka 5 hadi 29 kuliko hicho. Mstari mmoja unatosha kwa hayo. Zilizobaki ziwe zako: mchoro wa mkono, namba za majeruhi, mwendo wa gari la 34, picha ya kijia kwenye majani. Mara ya kwanza mimi nilipeleka kurasa kumi na moja, na afisa aliyenipokea aliziweka chini ya kikombe chake cha chai. Mara ya pili nilipeleka mbili.

Pale kwenye gereji ya geti la bluu waliweka kivuko kilichoinuliwa, chenye taa juu yake. Miundi kutoka pale ikawa nadra, na yule mzee wa mifupa, ambaye alishastaafu, nilimpigia simu kumwambia. Agosti wakaingia wawili usiku mmoja, wote kutoka mita kama mia tatu mbele, ambako mabasi yalikuwa yamehamishia kituo ili kukwepa tuta. Nikachukua rula.